Mchana Mrefu wa Kaskazini na Njia ya Kurudi Nyumbani



Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, mwenye kuupitisha usiku na mchana kwa kipimo akijuacho Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Wasomaji watukufu, katika miezi hii nyumba nyingi za pwani yetu huwa na mtu aliye njiani. Huyu amekwenda Ulaya kumlea binti yake aliyejifungua, yule amekwenda kuwaona wajukuu ambao hajapata kuwapakata. Wazazi huchagua kiangazi cha kaskazini kwa sababu shule zimefungwa na baridi haiwaumizi mifupa. Mwaka huu mimi na mke wangu tulikuwa miongoni mwao. Tulikaa wiki sita Göteborg, mji wa bandari ulioko magharibi ya Uswidi, nyumbani kwa binti yetu na mumewe na watoto wao watatu. Leo nitazungumzia siku za mwisho za ukaazi ule na safari ya kurudi, ambayo ilikuwa na misukosuko mingi. Ndani yake mna masuala ya dini ambayo akina mama kadhaa wameshaniuliza, na mna neno moja linalozihusu nyumba zetu.

Jua lisilotaka kuzama

Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea jua lenye adabu. Maghribi yetu haitoki baina ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima. Tulipofika Göteborg katikati ya Julai, jua lilikuwa likizama karibu na saa nne za usiku na kuchomoza kiasi cha saa kumi na nusu za alfajiri. Baina ya nyakati hizo mbili giza halikuwa giza, bali wekundu na weupe wa pembe ya mbingu vikifuatana. Basi Isha ingieje, na alama yake ni kutoweka kwa wekundu ule?

Suala hili si geni. Mwaka 922 Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad, alifika kwa watu wa Bulghar kandokando ya mto Volga, katika nchi iitwayo leo Urusi. Ameeleza kwamba aliingia hemani na fundi cherehani wa mfalme, mtu wa Baghdad, wazungumze huku wakingojea adhana ya Isha. Mazungumzo hayakuwa marefu, wakasikia adhana. Walipotoka nje waliona alfajiri imepambazuka. Alipomuuliza muadhini, akaambiwa kuwa hiyo ilikuwa adhana ya Alfajiri, na kwamba wao huiswali Isha pamoja na Maghribi. Muadhini yule akamwambia kwamba kwa muda wa mwezi mzima hakulala usiku, akichelea Swala ya Alfajiri isimpite.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, binti yangu na mumewe wana shida ile ile ya muadhini wa Bulghar, na asubuhi wanatakiwa kazini. Wanachuoni hawakuwaacha. Katika Hadithi ya Dajjal, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya siku iliyo ndefu kama mwaka, akaelekeza kwamba nyakati zikadiriwe. Hapo ndipo ulipojengwa msingi wa kukadiria nyakati mahali ambapo alama zimepotea. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoundwa mwaka 1997, limeruhusu kujumuisha Maghribi na Isha katika majira hayo kwa ajili ya kuondoa uzito. Mzazi anayekwenda kuwatembelea watoto asiwakaripie kwa kufuata ratiba ya msikiti wao. Wana maimamu wao, na maimamu hao wana hoja zao.

Siku za mwisho

Kufikia wiki ya mwisho ya Agosti mambo yalikuwa yamebadilika. Kila siku jua lilitangulia kuzama kwa dakika mbili au tatu, mpaka Maghribi ikarudi baada kidogo ya saa mbili za usiku. Asubuhi kulikuwa na ubaridi, na shule zilikwisha kufunguliwa. Mjukuu wetu wa kiume, mwenye miaka saba, aliniuliza: “Babu, Mombasa kuna usiku?” Nikamjibu kuwa usiku wa Mombasa ni mweusi kama kaniki, na una nyota. Akafurahi mno. Mtoto huyu anakielewa Kiswahili, ila akiulizwa hujibu kwa Kiswidi. Kwa wiki sita bibi yake alijifanya hasikii lugha hiyo, na mtoto alipotaka maji ilimbidi aseme maji. Siku tulipoondoka alikuwa akigombana na dada yake kwa Kiswahili, na mke wangu akaona kazi yake imekamilika.

Jumamosi ya mwisho tulikwenda msituni kuchuma matunda madogo ya samawati yanayoota chini ya misonobari. Nilimuuliza mkwe wangu shamba lile ni la nani, tukaombe idhini. Akanieleza kwamba nchini humo kila mtu, mwenyeji na mgeni, ana haki ya kupita msituni na kuchuma matunda ya porini na uyoga, maadamu hakaribii nyumba za watu wala haharibu mimea. Tangu mwaka 1994 haki hiyo imetajwa ndani ya katiba yao. Nikakumbuka mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kisha nikazikumbuka fukwe zetu, na vichochoro vya kuendea baharini ambavyo wavuvi wetu hukuta vimezibwa kwa kuta. Hekima ni kitu cha Muislamu kilichompotea. Akikiona popote na akiokote.

Jumapili usiku mizigo ilifungwa. Binti yetu alikuwa jikoni akiosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Mama yake akamwendea, na mimi nikabaki mlangoni. Akasema, “Mama, simu ya nyumbani ikilia moyo wangu hushtuka. Najua aidha kuna msiba, au kuna haja ya pesa. Nyinyi mmekuja mkaniuliza nimelalaje.” Hakusema zaidi, na mama yake hakumjibu. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa vyombo pamoja naye. Neno hili nitalirejea mbele.

Misukosuko ya njia

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwani humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na ametuusia mtu akishamaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa ahli zake. Nasi haraka tulikuwa nayo. Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja. Hana babu wala ndugu wa kiume, na katika ami zake nimesalia mimi peke yangu, kwa hiyo mimi ndiye walii wake. Nikahi yake ilipangwa Jumanne baada ya Isha, nasi tulitarajiwa kufika Mombasa Jumanne asubuhi.

Jumatatu tulifika mapema uwanja wa ndege wa Landvetter, ulioko zaidi ya kilomita 20 mashariki ya mji. Ikaja dhoruba ya radi, ndege zikazuiliwa. Adhuhuri ikatukuta pale. Kwa kuwa tulikwisha kuyapita majumba ya mji na safari yetu ilikuwa ndefu, tuliswali Adhuhuri rakaa mbili na kuijumuisha na Alasiri rakaa mbili, pembeni ya dirisha, mke wangu nyuma yangu. Ndege ilipoondoka ilikuwa imechelewa zaidi ya saa tatu. Mlangoni wahudumu walisema nafasi za juu zimejaa, mikoba itiwe chini. Mke wangu ana ugonjwa wa sukari, na sindano zake za insulini zilikuwa ndani ya mkoba ule. Alisimama imara, akautoa mfuko wa dawa na kuuonyesha pamoja na karatasi ya daktari. Wakamruhusu abaki nao, na mkoba ukaenda zake. Mkoba huo tuliuona tena baada ya siku tisa.

Tulipofika mji wa kubadilishia ndege, ndege ya Nairobi ilikwisha ondoka. Tulikuta foleni ya mamia ya watu mbele ya meza yenye wahudumu wawili. Watoto walilia, wazee walikaa sakafuni, na kila mmoja alikuwa na haraka yake. Baada ya saa nne tukapewa safari ya usiku wa siku ya pili na vikaratasi vya chakula. Hoteli tuliambiwa zimejaa. Usiku ule tulilala vitini.

Kheri haikosekani hata mahali kama hapo. Mke wangu alinong’ona, “Ya Allah, tumeachwa,” na mama kijana aliyekuwa na mtoto mchanga akageuka kama aliyeguswa. “Mama, nyinyi ni wa pwani?” Alikuwa wa Malindi, amekwama kama sisi, na tangu asubuhi hakupata wa kumshikia mtoto ili aende kutia udhu. Mke wangu akampokea mtoto, naye akaenda, akarudi, akaswali Swala zake kwa utulivu. Kisha yeye akaulinda mfuko wa dawa na kumwamsha mke wangu kila wakati wa kula ulipofika, kwa sababu mwenye sukari haruhusiwi kukaa na njaa. Walifahamiana kwa usiku mmoja tu, na hadi leo huitana mama na mwana.

Nikahi kwa wakala

Jumanne mchana bibi harusi alinipigia simu. “Ami, nitakungoja hata wiki nzima.” Nikamwambia, “La, mwanangu. Chakula cha watu kishapikwa na wageni wameshatoka Lamu. Sheria ina njia.”

Nataka akina mama waielewe njia hiyo, maana nyumba nyingi sasa zina walii aliye mbali. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, nikahi yenyewe hufungwa katika kikao kimoja, mbele ya mashahidi wawili waadilifu wanaosikia maneno ya pande zote mbili. Ndiyo maana haitufai walii kuozesha kwa simu huku yeye yuko nchi nyingine. Lakini walii anaweza kumweka wakili, na kumweka wakili si lazima kuwe katika kikao hicho, wala mashahidi si sharti la kuswihi kwake, ingawa kuwapo kwao ni bora ili kuondoa mashaka. Nilimpigia imamu wa msikiti wetu, anayeijua sauti yangu kwa miaka thelathini, na mbele ya wazee wawili nikamwakilisha amwozeshe binti wa kaka yangu kwa mume fulani na kwa mahari fulani. Baada ya Isha yeye ndiye aliyeozesha, akitaja kwamba ni wakili wa walii.

Simu ilifunguliwa ili nisikie. Mombasa walikuwa wameshaswali Isha, na kule nilikokuwa jua lilikuwa bado linamulika vioo. Mwanamume aliposema amekubali, mke wangu akapiga kigelegele katikati ya uwanja wa ndege. Watu wote wakageuka. Mama wa Malindi akampokea kwa cha pili. Mzee mmoja wa Kizungu, aliyenuna tangu jana yake, akauliza kuna nini. Alipoelezwa kuwa tumeoza, akatupa mkono wa pongezi.

Alfajiri ya Jumatano tulikuwa Nairobi, mizigo haipo. Tiketi ya kwenda Mombasa tulikuwa tumeikata mbali na ile ya kimataifa, kwa hiyo ilikufa kwa kuchelewa kwetu. Siku nzima ikaishia kwenye dawati la mizigo, treni ikawa imejaa, na usiku tukapanda basi. Alfajiri ya Alhamisi ilituingilia Mariakani, tukashuka tukaswali. Mjini tulianzia msikitini kwa rakaa mbili kabla ya kwenda nyumbani, kama ilivyokuwa ada ya Mtume (S.A.W.) anaporejea safarini.

Ya kuzingatia

Kwanza, Swala. Msafiri wa safari ya marhala mbili, yaani kiasi cha kilomita 80 na zaidi, hupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili. Maghribi na Alfajiri hazipunguzwi. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi na huswali kamili. Ndivyo tulivyoswali wiki zote za Göteborg. Aliyekwama uwanjani akitarajia kuondoka wakati wowote yumo bado katika rukhsa. Mwenye kutanguliza Swala ya pili katika wakati wa ya kwanza anuie kujumuisha akiwa ndani ya ile ya kwanza, azipange kwa taratibu yake, wala asitenganishe baina yake kwa muda mrefu. Akiswali nyuma ya imamu mkaazi, na akamilishe. Ndani ya ndege, aliyeshindwa kusimama na kuelekea kibla huswali kwa kuuheshimu wakati, kisha huirudia atuapo.

Pili, dawa. Insulini na dawa za kila siku zisitengane na mwenyewe, wala zisitiwe kwenye mizigo ya chini, ambako insulini inaweza kuganda na kuharibika. Ziwe katika mfuko mdogo unaoweza kutolewa upesi, pamoja na karatasi ya daktari.

Tatu, haki. Kudai haki kwa upole si utovu wa subira. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 inamhakikishia abiria anayeondoka katika viwanja vyao chakula, na malazi ikibidi kulala, hata kama sababu ni dhoruba. Fidia ya pesa, ambayo kwa safari ndefu hufikia yuro 600, haitolewi pale sababu inapokuwa nje ya uwezo wa shirika. Usipopewa hoteli, tunza risiti za ulichotumia na udai baadaye. Kuhusu mizigo, usitoke uwanjani bila ya fomu yenye nambari. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya imo, mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Na yule aliyeko nyuma ya dawati ni mja wa Mwenyezi Mungu ambaye hakuileta radi. Mvua ya matusi haimpi mtu kiti.

Nne, wasia. Kabla ya kuondoka andika madeni yako na amana za watu, na umjulishe mtu mwaminifu. Aliye na jukumu la uwalii na apange mapema nani atakuwa wakili wake.

Na sasa nirudi jikoni kwa binti yetu. Ndugu zangu, watoto wetu walioko ng’ambo wanafanya kazi za zamu, wanalea bila ya mama wala shangazi jirani, na wanakesha wakiigojea Isha isiyokuja. Kisha sisi tunawapigia simu kwa ajili ya karo, paa linalovuja na mchango wa harusi. Kusaidia jamaa ni ibada, na wengi wao wanatoa kwa moyo mweupe. Lakini kuunga kizazi si njia ya kwenda upande mmoja. Mtoto naye ana haki ya kuulizwa hali, kuombewa dua akiwa anasikia, na kusimuliwa kuwa embe la uani limezaa.

Basi nausia kila nyumba inayosoma ukurasa huu: kabla ya Ijumaa ijayo, mpigieni mtoto wenu mmoja aliye mbali, na katika simu hiyo msiombe kitu. Muulizeni amelalaje, mpeni bibi azungumze na wajukuu kwa Kiswahili, hata wakijibu kwa lugha nyingine. Hilo halihitaji tiketi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, awarudishe salama kwa ahli zao, awabariki maharusi wetu, na azikutanishe nyoyo za wazazi na watoto popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.